Ravenna au Istanbul? Ukiwa na safari moja tu ya kuona sanaa na makanisa ya Kibizanti, nenda wapi

Kama una hela na likizo ya safari moja, na unachotaka kuona ni sanaa ya Wakristo wa karne za mwanzo na ya Wabizanti (watu wa dola ya Kirumi ya Mashariki), majina mawili ndo yatakuja kwanza, Ravenna ya Italia na Istanbul ya Uturuki. Jibu langu nalitoa hapahapa juu: ukifuata picha nenda Ravenna, ukifuata jengo nenda Istanbul, na kama bado hujui unafuata kipi basi anza na Ravenna. Hilo la mwisho najua wengi watalipinga, maana Istanbul ina Hagia Sophia, lile kanisa kubwa la kale ambalo sasa ni msikiti, na hakuna jengo lingine la aina ile duniani, lakini nina sababu zangu na nitazieleza.

Kwanza tuelewane kwamba hii miji miwili inalingana vizuri kwa sababu iliwahi kuwa chini ya mtu mmoja. Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo, ilizinduliwa rasmi mwaka 330 na Kaisari Konstantino, ikawa mji mkuu wa dola kwa zaidi ya miaka elfu moja mpaka 1453. Ravenna ilipata bahati mwaka 402, Kaisari Honorius alipohamishia huko makao ya dola ya Magharibi kutoka Milano, kwa sababu palizungukwa na vinamasi na adui asingefika kirahisi. Baadaye Wagothi wakaichukua, mfalme wao Theodoric akaitawala toka 493 mpaka alipokufa 526, halafu mwaka 540 jenerali Belisarius akaiteka kwa niaba ya Kaisari Justinian aliyekuwa Konstantinopoli. Sasa angalia tarehe hizi: Hagia Sophia ilitabarukiwa Desemba 537, San Vitale ya Ravenna ikatabarukiwa 547. Miaka kumi tu inazitenganisha, Kaisari ni yuleyule, imani ileile, lakini ukiingia moja na ukiingia nyingine unaona vitu viwili tofauti kabisa.

Upande wa picha

Hapa Ravenna inashinda, na inashinda kwa mbali.

Anza na kaburi la Galla Placidia, dada yake Honorius, lililojengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 5 (yeye mwenyewe alifia Roma mwaka 450 na wataalamu wengi hawaamini kama alizikwa hapo). Kwa nje ni kijumba cha matofali cha umbo la msalaba, kidogo, unaweza ukakipita ukadhani ni stoo ya kanisa kubwa la jirani. Ukiingia ndani dari yote ni bluu ya usiku yenye nyota za dhahabu na msalaba katikati, juu ya mlango Yesu amekaa kama Mchungaji Mwema, kijana hana ndevu, amevaa dhahabu na zambarau, anamgusa kondoo mmoja mdomoni. Pembeni kuna paa wanakunywa maji kama Zaburi inavosema, kuna njiwa kwenye ukingo wa bakuli. Madirisha yamewekwa alabasta mwanzoni mwa karne ya 20 kwahiyo mwanga unaingia wa rangi ya asali, na jicho linahitaji dakika moja mbili kuzoea kabla hujaanza kuona kitu chochote, usitoke haraka. Muhimu zaidi ni kwamba picha ziko karibu na wewe, dari ni ya chini, yaani unaona kipande kimoja kimoja cha kioo na alivyokipanga fundi.

Na hapa niseme kidogo kuhusu ufundi maana bila kuujua utatazama tu dhahabu ukachoka. Picha zote hizi ni mozaiki, na mozaiki za ukutani zinatengenezwa kwa vipande vidogo vya kioo cha rangi, na kile cha dhahabu ni karatasi nyembamba sana ya dhahabu iliyobanwa katikati ya vioo viwili. Fundi anapaka lipu ya chokaa sehemu ndogo anayoweza kuimaliza kabla haijakauka, anachora mistari ya picha juu yake, halafu anakandamiza vipande kimoja kimoja kwa mkono. Havilazi bapa, anavipa mwinamo huku na kule, ndo maana ukitembea hatua mbili ukuta wote unabadilika, sehemu iliyokuwa inang'aa inazima na nyingine inawaka, kama bahari jua linapoelekea kuzama. Picha ya simu haiwezi kukupa hicho kitu, haijalishi una simu gani, kwa sababu kamera imesimama na mozaiki imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea na kwa mwanga wa mishumaa na taa za mafuta zinazochezacheza.

Ukitoka hapo hatua chache tu uko San Vitale. Hapa ndo kuna zile picha mbili ambazo umeziona kwenye vitabu, Justinian upande mmoja na mkewe Theodora upande wa pili, yeye ameshika patena ya dhahabu (sahani ya mkate wa ibada) na mkewe ameshika kalisi (kikombe cha divai), wote wanaelekea altareni pamoja na watu wao. Hawakuwahi kukanyaga Ravenna maishani mwao! Picha ndo ilikuwa inawawakilisha. Askofu Maximian kasimama karibu na Kaisari na ndiye peke yake aliyeandikwa jina juu ya kichwa, nadhani kila aliyeingia kanisani alitakiwa aelewe nani mkubwa wa hapa. Kwenye pindo la vazi la Theodora wamefumwa Mamajusi watatu na zawadi zao, kitu kidogo sana, utakikosa usipoambiwa.

Mimi lakini Justinian na Theodora sio nilichopenda zaidi. Nilichopenda ni kuta za pembeni ya altare. Upande mmoja Abeli na mwanakondoo wake na Melkisedeki na mkate wake, wote wawili kwenye meza moja ya altare kana kwamba waliishi siku moja, upande wa pili Abrahamu anawaandalia chakula wageni watatu chini ya mti na hapohapo pembeni yuko na Isaka, mkono umeshainua upanga. Kama wewe ni Mkatoliki na umewahi kusikia padri akisali ile Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile ndefu, hao watatu wanatajwa pamoja, Abeli, Abrahamu, Melkisedeki. Kwahiyo padri alikuwa anasali maneno na waumini wanayaona maneno hayohayo ukutani juu ya kichwa chake. Sanaa hii haikuwekwa kupendezesha ukuta tu, ilikuwa ni sehemu ya ibada yenyewe, na San Vitale ndo sehemu ambayo nimeliona hilo waziwazi kuliko pengine popote.

Halafu kuna Sant'Apollinare Nuovo, basilika ndefu aliyojenga Theodoric mwanzoni mwa karne ya 6 kando ya ikulu yake. Theodoric alikuwa Mwario, yaani wa lile dhehebu lililosema Mwana si sawa na Baba, na baada ya Wabizanti kushika mji kanisa likachukuliwa na Askofu Agnellus miaka ya 560 likasafishwa. Kusafishwa kwenyewe unakuona mpaka leo: kuna picha ya ikulu yenye nguzo na mapazia, kati ya nguzo zamani walisimama watu, Theodoric na wakubwa wake, wakang'olewa na nafasi zao zikajazwa mapazia, lakini mafundi walisahau au waliacha makusudi mikono. Ukiangalia vizuri kwenye nguzo utaona kiganja hapa, mkono pale, hauna mwenyewe. Kwenye kuta mbili za kanisa yanaenda maandamano ya mabikira 22 na mashahidi 26, kila mtu na taji lake, wanatembea mpaka kwa Bikira Maria na mpaka kwa Kristo. Watu wengine wanasema yanachosha kwa sababu nyuso zinafanana, mimi naona kurudiarudia kule ndo nguvu yake, unatembea nao kutoka mlangoni mpaka mbele.

Sasa Istanbul. Ukienda Istanbul ukitegemea kuona picha za watu za zama za Justinian hutazikuta, na sababu ni mbili. Ya kwanza, Hagia Sophia yenyewe ilipojengwa ilipambwa zaidi kwa misalaba, maua na mifumo ya dhahabu, mabaki yake bado yapo. Ya pili ndo kubwa, ule mgogoro wa picha takatifu. Kuanzia miaka ya 720 makaisari waliamua kwamba picha za watakatifu ni ibada ya sanamu, zikaondolewa, zikafutwa, watu wakapigwa na kufungwa, ikaja nafuu 787, ikaanza tena 815, na picha zikarudishwa kwa kudumu 843. Mji mkuu ndo uliumia zaidi maana uko chini ya macho ya Kaisari. Ukitaka kuona kilichobaki cha wakati ule nenda kanisa la Hagia Irene ndani ya uwanja wa ikulu ya kale ya Topkapi, nyuma ya altare kuna dhahabu tupu na msalaba mmoja mkubwa wa mistari myeusi, basi. Wengine wanapita dakika mbili wanasema hakuna kitu, wakati ule msalaba ndo historia yote.

Ravenna ilinusurika kwa kuwa mbali, na mwaka 751 Walombardi wakaichukua, mkono wa Kaisari ukakatika kabisa. Na kitu kingine ambacho kwa sisi tuliokulia pwani kati ya misikiti na makanisa inafaa tukijue: nyingi ya ikoni (picha takatifu za kwenye ubao) za kale zaidi zilizobaki, ikiwemo ile ya Kristo ya karne ya 6 iliyochorwa kwa rangi zilizochanganywa na nta, ziko monasteri ya Mtakatifu Katerina kwenye Sinai kule Misri, na zilipona kwa sababu wakati makaisari wa Kikristo wanachoma picha, Sinai ilikuwa chini ya watawala Waislamu na amri za Konstantinopoli hazikufika.

Lakini nisiionee Istanbul. Inacho ambacho Ravenna haina, picha za baada ya 843, na hizo ni za aina nyingine. Ravenna nyuso zinakutazama kutoka mbali, wakubwa wa mbinguni. Istanbul kadiri karne zinavoenda nyuso zinaanza kuumia. Kule juu kwenye roshani ya Hagia Sophia kuna picha inayoitwa Deesis, inawekwa baada ya 1261, Kristo katikati, Mama yake upande mmoja na Yohana Mbatizaji upande wa pili wanawaombea watu. Sehemu kubwa ya chini imeshaanguka. Uso wa Yohana pale ni uso wa mtu aliyelia muda mrefu, mashavu yameingia, na Kristo anakuangalia kwa upole mpaka unajisikia kama umeulizwa swali. Hapohapo juu kuna makaisari na wake zao wanatoa mifuko ya fedha, Zoe na Constantine Monomachos wa karne ya 11, ambapo vichwa vilibadilishwa kwa vile ndoa zilibadilika, na John Komnenos na Irene wa karne ya 12.

Na kuna Chora, Waturuki wanaiita Kariye, iko mbali na katikati ya mji, mtaa wa Edirnekapı karibu na zile kuta za zamani. Waziri mmoja tajiri, Theodore Metochites, aliikarabati na kuipamba kati ya takriban 1315 na 1321, na amejichora mwenyewe amevaa kofia kubwa ya ajabu akimkabidhi Kristo kanisa. Maisha ya Bikira Maria yote yapo, toka wazazi wake Yoakimu na Ana wanambusu akiwa mtoto mchanga mpaka hatua zake za kwanza za kutembea. Kwenye chumba cha pembeni kilichokuwa cha makaburi, huko sio mozaiki ni rangi kwenye lipu, kuna Ufufuko: Kristo amevaa nyeupe, amesimama juu ya milango ya kuzimu iliyovunjika, amewashika Adamu na Eva vifundo vya mikono, mmoja kila upande, anawavuta kutoka makaburini kwa nguvu mpaka nguo zinapepea. Kama ungeniambia nichague picha moja tu katika sanaa yote ya Kibizanti ningechagua hii, kabla ya Justinian, kabla ya Theodora, na naisema hivo hata kama hukumu yangu ya jumla ni Ravenna.

Upande wa jengo

Hapa Istanbul haina mpinzani. Hagia Sophia ilijengwa kwa chini ya miaka sita, 532 mpaka 537, baada ya ghasia za Nika kuchoma kanisa lililokuwepo. Waliopewa kazi ni Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, watu wa hesabu na umbo kuliko mafundi wa kawaida. Tatizo lao lilikuwa hili: unawekaje kuba la duara juu ya nafasi ya mraba bila kujaza nguzo katikati? Wakaweka matao manne makubwa, na kwenye pembe kati ya tao na tao wakajaza ukuta wa pembetatu uliopinda, ukifika juu zile pembetatu nne zinakutana zinatengeneza duara, na kuba linakaa hapo. Mashariki na magharibi wakaongeza nusu kuba zinazosaidia kubeba uzito. Kuba lina upana wa kama mita 31 na kilele chake kiko mita 55 hivi juu ya sakafu, na kwenye kitako chake wametoboa madirisha 40 yakiwa karibukaribu, kwahiyo mwanga unakata pale kuba linapokutana na ukuta na unaona kama halijashikwa na kitu.

Lilikuwa ni jambo la kuthubutu mno, na lilianguka. Matetemeko yakalitikisa, 558 kuba la kwanza likaporomoka, Isidore mwingine (huyu kijana) akalijenga upya likiwa limeinuka zaidi ili lisisukume kuta kwa nguvu ileile, likafunguliwa tena 562. Sehemu ikaanguka tena 989, akarekebisha fundi wa Armenia aitwaye Trdat, sehemu nyingine 1346. Kwahiyo unachokiona juu ni viraka vya karne tofauti, na ukisimama chini ukatazama vizuri utagundua sio duara kamili.

San Vitale nayo ni jengo zuri, ina pande nane, na kuba lake wamelijenga kwa mirija ya udongo wa kuchoma iliyochomekwa moja ndani ya nyingine ili liwe jepesi, akili kubwa. Ila kuba hilo kwa ndani lilichorwa upya karne ya 18 kwa mtindo wa wakati huo, mawingu na malaika wanaoelea, na ukiangalia juu baada ya kutazama altare unaona kabisa haviongei lugha moja. Ukubwa pia, San Vitale inaweza kuingia ndani ya Hagia Sophia na nafasi ikabaki.

Kwa anayependa majengo kuna kitu Istanbul ambacho wageni wengi wanakipita, kanisa la Sergius na Bacchus, sasa msikiti, wanaita Küçük Ayasofya. Ni la mwanzo wa utawala wa Justinian, lina pande nane ndani, yaani ni ndugu wa San Vitale, na kuingia ni bure. Mozaiki hamna hata moja, lakini ukingo wa marumaru unaozunguka ndani bado una maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa yenye majina ya Justinian na Theodora. Ukiona hili la Istanbul na San Vitale, moja limebaki na mifupa na lingine limebaki na ngozi, ukiziunganisha kichwani ndo unapata kanisa moja kamili la karne ya 6.

Kinachoweza kukuharibia safari

Hagia Sophia ilikuwa msikiti toka 1453, makumbusho toka miaka ya 1930, na Julai 2020 ikarudi kuwa msikiti. Toka Januari 2024 mgeni mtalii anaingia kwa mlango tofauti anapanda roshani ya juu tu, kwa euro 25, na sakafu ya chini imeachwa kwa wanaoswali. Bikira Maria wa nyuma ya altare, ile mozaiki ya 867, imewekewa mapazia. Juu ya hapo kuna ukarabati mkubwa wa kuba na vyuma vya mafundi ndani, kwahiyo kabla hujakata tiketi tafuta picha za karibuni uone hali ikoje. Chora nayo imekuwa msikiti tena toka Mei 2024, mtalii analipa euro 20.

Ukiwa Muislamu hesabu inabadilika, na nalisema hili kwa uzito maana wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu: unaweza kuingia kuswali chini ya lile kuba, mahali ambapo watu walianza kusali mwaka 537, na hiyo hakuna tiketi inayoweza kukupa. Yale mabango makubwa ya mduara yenye jina la Mwenyezi Mungu, Mtume na makhalifa ni ya karne ya 19 na nayo ni sanaa ya hali ya juu. Na kuna haki ya kihistoria inabidi isemwe: mozaiki nyingi zilipona kwa sababu Waothmani walizifunika kwa lipu badala ya kuzing'oa, na waliopora kanisa hili vibaya ni wanajeshi wa msalaba kutoka Ulaya mwaka 1204, Wakristo kwa Wakristo.

Kwa wote, beba mtandio na nguo ya heshima, na uwe tayari kwa foleni. Upande wa Ravenna usumbufu ni mdogo zaidi: Galla Placidia unaweka nafasi ya muda wako na unaruhusiwa kukaa dakika chache tu, hilo linauma, na picha ya kati kwenye nyumba ya ubatizo ya Askofu Neon uso wa Yesu umetengenezwa upya karne ya 19 kwahiyo usiujengee hoja. Zaidi ya hapo ni mji mdogo, tambarare, unatembea kwa miguu au baiskeli, makanisa yamekaribiana.

Gharama: Ravenna tiketi moja inakuingiza sehemu tano, San Vitale, Galla Placidia, ubatizo wa Neon, makumbusho ya askofu mkuu na Sant'Apollinare Nuovo, na zote tano hazifiki bei ya Hagia Sophia peke yake. Nyingine unalipia kando, ikiwemo kaburi la Theodoric lenye paa la jiwe moja la upana wa mita kama 10. Hoteli na chakula Istanbul vina unafuu kuliko Italia. Ndege, Turkish Airlines inatoka Nairobi, Dar, Zanzibar, Entebbe, Kigali moja kwa moja mpaka Istanbul, wakati Ravenna lazima ushukie Bologna au mji mwingine halafu treni ya saa moja na kidogo. Viza, Italia ni Schengen na maandalizi yake ni marefu, Uturuki ina viza yake na masharti yanategemea pasipoti yako, kagua mapema.

Basi wewe uende wapi

Padri, sista, katekista, mwalimu wa liturujia, au yeyote anayetaka kuelewa Wakristo wa kale walisali vipi: Ravenna bila kusita. Hasa mliopo Roma kwa masomo, najua mko wengi, treni mnabadilisha Bologna, msimalize masomo bila kwenda.

Msanifu majengo, mhandisi, fundi ujenzi: Istanbul. Hakuna mchoro wala video itakayokuonyesha lile kuba linavofanya mwili wako ujisikie ukiwa chini yake, hata ukiwa juu roshani.

Mchoraji wa ikoni, au Muorthodoksi wa Riruta (Nairobi) au Namungoona (Kampala) ambaye picha za kanisani kwenu zinafuata mtindo huu: Istanbul kwa ajili ya Chora na Deesis, maana ikoni mnazozibusu leo zimetokana na hizo za karne za mwisho kuliko za Ravenna. Na ukiweza pitia Thessaloniki ya Ugiriki, huko kuna makanisa na majengo 15 kwenye orodha ya UNESCO, mozaiki za Mtakatifu Demetrios zilizopona moto wa 1917, na kanisa dogo la Hosios David lenye Kristo kijana wa karne ya 5 au 6 ambalo kwa siku nyingi unaweza kulikuta halina mtu.

Msafiri wa kawaida asiyejua aanzie wapi: Ravenna kwanza, na sababu yangu ni hii. Istanbul inakutaka uje na macho yaliyokwishajua, kwa sababu nusu ya vitu vimefunikwa, vimeanguka au viko mbali juu, inabidi uvijaze mwenyewe kichwani. Ravenna inakupa kila kitu kikiwa kamili na karibu, inakufundisha kusoma. Ukishasoma San Vitale, siku utakayosimama Hagia Sophia utajua kuta zile zilikuwa zinawaka vipi. Ukianza na Istanbul utastaajabu, kweli, ila utastaajabia ukubwa.

Isipokuwa kama ndege yako inapita Istanbul hata hivo na viza inakuruhusu kutoka uwanjani, basi chukua siku mbili: Küçük Ayasofya asubuhi, Hagia Sophia mchana, kesho yake Chora peke yake bila haraka. Na Ravenna ukiwa na siku moja, weka nafasi ya Galla Placidia mapema kabisa asubuhi, ingia San Vitale papo hapo wakati macho bado yana giza la bluu, ubatizo wa Neon kabla ya chakula, Sant'Apollinare Nuovo baada ya chakula, halafu saa tisa hivi panda treni kituo kimoja au basi mpaka Classe, ambako kuna basilika ya Sant'Apollinare in Classe ya 549 yenye msalaba wa vito katikati ya anga na kondoo watatu kwa niaba ya Petro, Yakobo na Yohana kwenye mlima wa Kugeuka Sura. Tiketi yake ni ya kando, inunue palepale mlangoni, na angalia saa ya treni ya kurudi kabla hujaingia.